Kidonge kimoja, maini mawili

Miaka ya kidonge cha usiku cha virusi vya UKIMWI, kile chenye efavirenzi miligramu 600, walikuwa wakija kwenye duka langu la dawa, Kadutu, mjini Bukavu, dada wawili (nimebadilisha mambo kidogo, wasitambulike). Mkubwa alikuwa akilala vizuri. Mdogo akiamka akipiga kelele, asubuhi anayumba kama mlevi.

"Docta, dawa ni moja. Juu ya nini yeye analala, mimi ninapigana na mashetani?"

Nyumbani kesi ilikwisha: amerogwa. Shangazi naye akashauri kidonge kikatwe nusu. Hilo nililikataa papo hapo. Ndani yake mna dawa tatu, ukikata umezikata zote, na virusi havingoji.

Efavirenzi huvunjwa na ini kwa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi mwilini) kiitwacho CYP2B6. Jeni yake tunarithi nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala mbili dhaifu, dawa ya jana haijatoka, ya leo imeingia. Inalundikana mpaka kichwani: kizunguzungu, jinamizi, huzuni. Ndugu yake wa tumbo moja aliyepata hata nakala moja nzima anaweza asisikie kitu. Nakala hizo dhaifu ni nyingi zaidi kwetu Afrika kuliko Ulaya, na bado wote tulipewa 600. Baadaye utafiti ulionyesha 400 zinatosha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiweka mbele dawa nyingine ya virusi hivyo, dolutegraviri.

Kodeini, dawa ya maumivu, ni kinyume chake. Yenyewe ina nguvu kidogo. Ini ndilo linaloigeuza kuwa mofini, kwa kimeng'enya kingine, CYP2D6. Wasioweza kuigeuza ndio wanaorudi na pakiti mkononi wakidai nimewauzia bandia. (Bandia zipo, sikatai.) Wanaoigeuza kwa kasi mno ndio wananitisha: kwa mtoto, mofini hiyo inaweza kukata pumzi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema asipewe mtoto wa chini ya miaka 12.

Kaunta yangu haina mashine ya kusoma jeni. Nina swali tu: nani nyumbani kwenu alishaumizwa na dawa?

Wengi hucheka. Mama mmoja, aliyekuja na kijana wake wa miaka minane, hakucheka.

"Kaka yangu. Walimupa dawa ya malaria, akakojoa kama kahawa."

Nikaweka pakiti chini. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hurithiwa kupitia kromosomu X, na mtoto wa kiume X yake moja ameipata kwa mama. Hapa mjomba ana uzito kuliko baba. Mwenye upungufu huo akimeza primakini (ya malaria) au dapsoni (ya ukoma), chembe hizo zinaweza kupasuka.

Kwenye kadi ya kijana nikaandika kwa wino mwekundu: primakini, dapsoni, HAPANA, mpaka damu ipimwe.

Mama akaisoma, akauliza, "Na watoto wa dada zangu?"

Nikamwambia nao waje.