Kuhamisha Faili Ofisini Hakuli Bando

Malalamiko kuhusu faili kuchelewa kufika huongezeka kila Juni, idara zinapofunga hesabu za mwaka, na mengi huja na ombi lilelile: tuongezewe intaneti. Sisi wa kitengo cha kompyuta tumeshalieleza hili. Faili linalotoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya jengo halipiti kwa mtoa huduma wa intaneti. Hata bando likikatika, linapaswa kufika kwa kasi ileile.

Kwanza kagueni kebo. Kompyuta na swichi (visanduku vinavyounganisha kebo za kompyuta) nyingi za sasa hubeba gigabiti 1 kwa sekunde, ambayo kwa kazi halisi ni kama megabaiti 110 kwa sekunde, kwani baiti moja ni biti nane. Kasi hiyo inahitaji nyaya zote nane zilizomo ndani ya kebo. Mmoja ukikatika, au fundi akibana nyaya nne tu, mara nyingi mashine hushuka zenyewe hadi megabiti 100 kwa sekunde, yaani sehemu moja ya kumi, bila kutoa onyo lolote. Faili la gigabaiti 10 lililostahili dakika moja na nusu hapo huchukua robo saa. Wi-Fi nayo inatumiwa kwa zamu: mkiwa wengi, kila mmoja anasubiri.

Folda yenye maelfu ya risiti zilizoskaniwa itachelewa kuliko video moja yenye ukubwa uleule, kwa sababu kila faili hufunguliwa, hukaguliwa na antivairasi, huandikwa kwenye diski na kufungwa. Zifungeni kwenye zip moja, yaani faili moja linalobeba mengine yote, kabla ya kutuma.

Msizime antivairasi, na msilete ruta za nyumbani. Ruta ngeni huzigawia kompyuta anwani zake za mtandao na kuwatoa wenzenu mtandaoni. Kebo iliyochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja inaweza kuangusha jengo zima. Hayo hupelekwa kwenye nidhamu. Kuingia kwenye kompyuta ya mwenzako bila idhini, hata kwa nia ya kuharakisha kazi, ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili.

Fomu ya taarifa ijazwe tarehe na saa, majina ya kompyuta zote mbili, ukubwa na idadi ya mafaili, kasi iliyoonekana wakati wa kukopi, na namba ya tundu la ukutani mnapochomeka kebo ya mtandao. Mkuu wa idara asaini kabla haijatufikia. Isiyo na namba ya tundu itarudishwa.