Mtoki si uchafu wa damu
Kidonda mguuni, kesho yake kinundu kinauma kinenani. Wengi husema ni uchafu wa damu umekusanyika. Sivyo: ile ni tezi ya limfu, kituo cha seli za kinga ya mwili, ilikuwapo kabla hujazaliwa. Tumboni mwa mama, seli changa hutoa molekuli iitwayo limfotoksini. Seli jirani zikiipokea, hujibu kwa kemokini, kemikali ambazo huita seli nyingine, hadi tezi ijengeke. Mwaka 1994 watafiti walieleza panya waliokosa jeni ya limfotoksini: hawakuwa na tezi hizo.

Ukubwani wito hauishi. Kemokini moja, CCL21, huvuta ndani seli T, aina ya seli za kinga, ishara nyingine huziruhusu kutoka. Vijidudu vikiingia, ruhusa husitishwa kwa muda; seli hujazana, huzaliana, pakavimba. Kukandakanda hakusaidii.