Kwa nini bei ya mnada hukwama kwenye simu ilhali mtandao upo?

Msimu wa korosho, mkulima wa Newala aliyefungua ukurasa wa bei za mnada za papo hapo anaweza kuona tarakimu zikibadilika kwa muda, kisha zikatulia tuli; alama ya mtandao imejaa, bando lipo, lakini bei haisogei mpaka aufungue ukurasa upya.

Ukurasa wa kawaida huomba, hujibiwa, na mazungumzo huishia hapo. Ukurasa wa bei za papo hapo hutumia websoketi, utaratibu wa mawasiliano uliosanifishwa mwaka 2011: simu hutuma ombi la kawaida la wavuti, seva, yaani kompyuta inayotoa bei hizo, hujibu kwa namba 101, yaani imekubali kubadili utaratibu, na tangu hapo kila upande husema bila kungoja kuulizwa. Wengi hudhani kuna uzi umetandazwa kati yao. Hakuna. Kilichopo ni kumbukumbu tu, katika simu, katika seva, na katika mitambo ya kati, ambayo nayo imeandika kwamba wawili hawa wanazungumza.

Mitambo hiyo ya kati haina subira. Proksi ya Nginx, programu inayokaa mbele ya seva na kupitisha ujumbe, isipobadilishiwa mipangilio, hukata muunganisho zikipita sekunde 60 bila seva kutuma chochote, na mnadani dakika moja bila bei mpya si ajabu. Mitambo ya kampuni za simu husahau kimyakimya, bila kumwarifu yeyote.

Seva nayo hudanganyika. Mkulima akipanda bodaboda na simu ikapoteza mtandao njiani, haiagi. Kwa seva, aliyekufa na aliyenyamaza ni mamoja. Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, ikiachwa ilivyo hungoja saa 2 kabla ya kuchunguza muunganisho uliokaa kimya, tena pale tu programu ilipoomba hivyo, na wakati huo wote mfu huyo anashikilia nafasi ya muunganisho, ambayo mara nyingi ni moja kati ya 1024 tu ambazo programu huruhusiwa kufungua.

Dawa yake ni hodi. Kila baada ya sekunde 30 hivi seva hutuma ujumbe mdogo wa kubisha, na kivinjari huitikia chenyewe. Asiyeitika hufungiwa na nafasi yake kuachiwa. Ukurasa nao uandikwe ili ujiunge upya wenyewe, kwa vipindi vya kungoja vinavyorefuka na kutofautiana, simu zote zisije zikaivamia seva kwa pamoja pindi inapowashwa. Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba ukurasa ukisharejea lazima uulize kwanza bei ya sasa, kwa kuwa zilizotangazwa ulipokuwa umekatika hazitumwi tena.