Lugha ya alama kwenye tamthilia za anga: yanayosemwa na yalivyo

Mabarazani, Unguja na Pemba, tamthilia za anga, yaani hadithi za safari za angani, zikizungumzwa, lugha ya alama hutajwa kama mchezo wa mikono. Vijana wanaopiga filamu kwa simu nao huyachukua makosa hayo hayo. Haya ndiyo yanayosemwa, kila moja na ukweli wake.

"Lugha ya alama ni moja duniani, basi na angani ni moja." Zipo zaidi ya 300. Howie Seago, mwigizaji kiziwi, alitumia alama za Marekani ndani ya tamthilia ya Marekani *Star Trek* mwaka 1989. Sophie Stone, naye kiziwi, alitumia za Uingereza ndani ya *Doctor Who*, tamthilia ya Uingereza, mwaka 2015. Hizo mbili hata herufi zao ni tofauti: za Marekani huoneshwa kwa mkono mmoja, za Uingereza karibu zote kwa miwili. Kiziwi wa Michenzani aliyekulia na Lugha ya Alama ya Tanzania atahitaji maandishi ya chini kwa zote.

"Ni ishara tu, kama za wapiga mbizi." Mpiga mbizi wa Nungwi akiinua dole gumba, mwenzake anajua: tupande juu. Hawezi kumwambia "tungepanda mapema mkondo usingetuchukua." Lugha ya alama inayaweza hayo. Mwaka 1960 mtaalamu wa lugha William Stokoe alionesha kwamba alama hujengwa kwa umbo la mkono, mahali na mwendo. Badili kimoja, neno limegeuka. Uso nao ni sarufi. Kwa alama za Marekani, nyusi zikipanda unaulizwa swali la ndiyo au siyo. Zikikunjwa, ni nani, wapi, kwa nini.

"Angani hakuna sauti, kwa hivyo alama zinatosha." Nusu yake kweli, maana ombwe, pahala pasipo na hewa, halipitishi sauti. Lakini vazi la kutokea nje ya chombo hujazwa hewa yenye mgandamizo wa karibu theluthi ya huu wetu wa pwani. Glavu hukaza kama mpira uliojazwa, kukunja kidole ni kazi, na kioo cha kofia huficha nyusi. Ndiyo maana ndani ya *The Expanse*, tamthilia nyingine ya anga, watu wa Ukanda, wanaoishi kwenye miamba inayolizunguka jua, hutumia ishara kubwa za mkono mzima. Hapo waandishi walifikiri vizuri.

"Teknolojia ya kesho itamfanya kiziwi aseme." Ndivyo rasimu ya *Star Trek* ilivyotaka kwa Riva, mpatanishi kiziwi aliyechezwa na Seago. Seago akakataa. Hadithi ikageuzwa: Riva anabaki kuwafundisha mahasimu alama zake, nao wajifunze kuelewana wakijifunza lugha.

"Akipatikana anayejua alama, kamera haibadiliki." Kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi. Anayesema kwa mdomo husikika hata kamera ikimwacha. Wa alama akiachwa amenyamazishwa. Picha ianzie juu kidogo ya kichwa, ishie kiunoni, na viwiko viingie. Taa itoke mbele. Shati liwe la rangi moja, tofauti na ngozi yake. Kanga ya maua nyuma yake hula vidole. Shata, yaani muda kamera inaochukua kila picha, ikiwa 1/50 ya sekunde huacha ukungu mikono ikienda mbio, jaribu 1/100. Maandishi ya chini yasifunike kiuno. Na kiziwi anayeijua lugha hiyo akae pia kwenye kuhariri, si siku ya kupiga tu: mhariri asiyeijua huona mkono umetulia akakata, kumbe nyusi bado ziko juu na swali halijesha.