Ukiandika "athari", una deni

Kila mwaka wanafunzi wa saikolojia wanapoanza kuniletea vichwa vya tafiti zao, napokea vinavyofanana: "Athari za mitandao ya kijamii kwa...", "Athari za malezi ya mzazi mmoja kwa...", "Athari za ulevi kwa...". Nikifungua sehemu ya mbinu nakuta dodoso moja, litakalogawiwa mara moja, kisha takwimu zichakatwe. Mada zenyewe ni nzuri na nyingine zinagusa maumivu ya watu. Kinachonisumbua ni lile neno la kwanza.

Anayesema simu ina athari kwa huzuni anadai mambo matatu kwa mpigo: kwamba simu na huzuni vinakwenda pamoja, kwamba simu ilitangulia, na kwamba hakuna kitu cha tatu kinachovivuta vyote viwili. Dodoso la siku moja litakupa la kwanza tu. Mwanafunzi anayekesha mtandaoni ana huzuni, sawa. Je, simu ndiyo imeleta huzuni? Au huzuni ndiyo imempeleka kwenye simu? Au bumu, yaani mkopo wa chuo, limechelewa, kwa hiyo hana pa kwenda jioni wala raha moyoni? Kwa dodoso lile huwezi kujua. Andika "uhusiano kati ya" na utakuwa umesema kweli. Ukitaka "athari", kuna kazi ya kulipia.

Mimi kazi hiyo nilifundishwa kijijini. Miaka kadhaa iliyopita asasi moja iliniomba nipime kama vikao vya ushauri nasaha vinawasaidia kina mama wa kijiji kimoja wilayani Kongwa. Tulipima Februari kabla ya vikao, tukapima tena mwishoni mwa Juni. Alama za sonona zilikuwa zimeshuka sana. Tulifurahi, nikaanza kuandika ripoti. Tuliporudi kutoa mrejesho, mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, Februari mlitukuta na njaa. Sasa mtama uko ndani."

Anayeijua Dodoma ameshaelewa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza kwenye Novemba mwishoni au Desemba na kukatika Aprili. Februari watu wako kwenye palizi na chakula cha mwaka uliopita kinaelekea kwisha. Juni wanavuna. Sasa lisome dodoso la sonona tulilotumia, PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla yake haizidi 27. Kati ya maswali hayo kuna la kuchoka, la usingizi na la hamu ya kula. Mama anayeamka alfajiri kupalilia na kulala na uji mwepesi atajibu nini?

Kilichokosekana pale ni kundi linganishi. Tungehitaji kina mama wengine wa mvua ileile na njaa ileile, ambao wangepimwa Februari na Juni bila kupata vikao katikati. Kama nao wangeshuka kiasi kilekile, ni mavuno. Kama waliohudhuria vikao wangeshuka zaidi, hapo tungekuwa na la kusema. Na nani aende kundi gani ilitakiwa iamuliwe kwa kura, kwa sababu tukiwaacha watu wachague, watakaojitokeza kwanza ni wale ambao tayari wana nguvu ya kutoka nyumbani. Kura huzisambaza tofauti zote, hata zile ambazo mtafiti hakuziwaza, ilimradi watu wawe wa kutosha. Wanafunzi huniuliza kama si ukatili kuwanyima wengine msaada. Swali hilo nalipenda. Jibu la kawaida ni kwamba kundi la pili nalo hupata vikao, baada ya kipimo cha mwisho, na huambiwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Mama yule alinifunza na jambo la pili, ambalo naona ndilo gumu zaidi katika fani yetu. Vitu tunavyopima havionekani. Hakuna aliyewahi kuushika msongo wa mawazo. Kwa hiyo kabla ya dodoso lazima useme: katika utafiti wangu, msongo utajulikana kwa dalili hizi, zikipimwa hivi. Mtaani neno hilo hubeba ada ya mtoto, mchumba aliyeondoka na mkopo wa kikundi, vyote pamoja. Usipolifafanua, kila mhojiwa atajibu swali lake mwenyewe.

Hapo ndipo uthabiti wa kipimo (maswali yake kukubaliana) na uhalali wake (kupima kile ulichokusudia) vinapotengana. Wanafunzi huniletea alfa ya Cronbach, kipimo kilichojulikana tangu makala ya Lee Cronbach ya mwaka 1951, wakaniambia imevuka 0.7 na kwa hiyo dodoso ni halali. Alfa huonyesha kwamba majibu ya maswali yako yanakwenda pamoja. Kule Kongwa yangeweza kwenda pamoja vizuri kabisa, uchovu na usingizi na kukosa hamu ya kula, na bado tukawa tumepima palizi. Uhalali unadai ushahidi mwingine: je, alama zinakubaliana na tathmini ya mtaalamu aliyekaa na mtu huyo? Je, zinawatenganisha wenye sonona na waliochoka tu?

Lugha nayo imo humo. Kuna dodoso maarufu la Kimarekani la mwaka 1977 ambalo, katika swali moja, huitaja huzuni kwa neno lenye asili ya rangi ya bluu. Ukilitafsiri neno kwa neno umemchanganya mtu bure. Njia inayofaa ni mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona asili airudishe kwenye Kiingereza, kisha mlinganishe. Baada ya hapo wakalishe watu watano au sita, uwaulize kila mmoja: "Umeelewaje swali hili?" Ukienda Chamwino kwa bibi anayewaza kwa Kigogo, anza upya kwa Kigogo. Usimwachie mjukuu aliye karibu akutafsirie, maana kuna mambo bibi hatayasema mbele yake.

Sampuli nitaigusa kwa ufupi. Kanuni ya Yamane, ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhoji, mnaipenda wote: wanafunzi 1,200, kosa la 0.05, unapata 300. Hesabu ni sahihi, ila imekupa idadi tu. Hao 300 ukiwaokota kwenye kundi la WhatsApp la darasa lako, wanaopanga vyumba nje ya chuo, Ng'ong'ona, na hawana bando wamebaki nje, na pengine wao ndio wenye msongo zaidi. Tafuta orodha ya majina, uchague kwa nasibu.

Angalia pia unafika na nani. Ukiingia kijijini na gari, ukiwa umeongozana na mtendaji, wapo watakaodhani unaandikisha kaya za TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini. Shida wanazokutajia zitaongezeka. Ukiuliza juu ya pombe, zitapungua. Watu hawa si waongo. Wanajibu kwa kadiri walivyokuelewa wewe ni nani. Zipe barua zako za kibali heshima, pita kwa mtendaji na mwenyekiti kama utaratibu unavyotaka, kisha rudi kesho yake kwa miguu, ueleze taratibu kwamba hakuna msaada unaogawiwa na kwamba mtu anaweza kukataa bila kuulizwa sababu. Ridhaa inayotolewa mbele ya kiongozi siihesabu.

Sasa swali la 9. PHQ-9 humalizia kwa kuuliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni heri angekufa, au ya kujidhuru. Nimeshapokea kwa mwanafunzi rundo la madodoso yaliyojazwa siku 12 kabla, na katikati yake kulikuwa na moja lenye alama 3 kwenye swali hilo. Karibu kila siku. Halikuwa na jina, kwa sababu tuliahidi usiri. Tulirudi kwenye mabweni yale tukabandika matangazo ya huduma, tukapita chumba kwa chumba kuzungumza na kila aliyetaka. Sijui kama tulimfikia.

Tangu siku hiyo andiko lenye swali la 9 silitii saini mpaka nione vitu vitatu: nani atalisoma jibu kabla mhojiwa hajanyanyuka kwenye kiti, fomu ya ridhaa inayomwambia mapema kwamba usiri una mpaka pale uhai wake ukiwa hatarini, na jina la mshauri au kliniki iliyokubali kumpokea siku hiyohiyo. Sisi wa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili, hapa hapa mjini. Nenda kaongee nao kabla hujachapisha dodoso hata moja.