Je, wajua kwa nini aspirini ya kuzuia presha ya mimba humezwa kabla presha haijapanda?

Mama anayetoka kliniki ya wajawazito mjini Kisumu akiwa ameandikiwa aspirini ya miligramu 75, kidonge kimoja kila siku, huenda akapata washauri wawili kabla matatu haijafika Kondele. Wa kwanza atamwambia mjamzito hamezi aspirini kamwe. Kichwa kikimuuma ameze Panadol. Wa pili atamwambia hiyo ni dawa ya presha, na kwa kuwa leo mashine imesoma 118 kwa 72, aiweke kabatini mpaka presha ipande. Wa kwanza ana sehemu ya haki, tutamrudia. Wa pili amekosea kabisa, ila kosa lake linaeleweka: tumezoea kwamba dawa ni ya aliyekwisha kuugua.

Aspirini haishushi presha. Mama aliyefika wiki ya 32 na kipimo cha 160 kwa 110, kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli, hatasaidiwa nayo hata kidogo. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, apewe dawa za kushusha presha kama methildopa au nifedipini, na sindano ya magnesiamu salfeti ili asipatwe na kifafa cha mimba. Hata dawa hizo humshikilia tu. Ugonjwa hauanzi kupoa mpaka mtoto azaliwe na kondo la nyuma litoke, na hapo ndipo pa kuanzia kuuelewa. Madaktari huuita priklampsia: presha inayofika 140 kwa 90 au kuzidi baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo, au figo, ini na viungo vingine kulemewa. Kipimo cha mkononi ndicho tunachokiona, lakini tatizo lenyewe mara nyingi lilianza miezi kadhaa nyuma, ndani ya mfuko wa uzazi, wakati mama anajihisi mzima kabisa.

Mimba ikiwa changa, seli za kondo hupenya ukuta wa mfuko wa uzazi na kuingia katika mishipa midogo ya damu iliyopindapinda. Humo huondoa misuli ya kuta zake, na mishipa iliyokuwa myembamba huwa mipana, iliyolegea, isiyoweza tena kujibana. Aliyewahi kupita kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka Mto Nyando, anaweza kulifikiria jambo hili bila darubini. Mdomo wa mfereji ukiwa mpana, maji huingia jaruba taratibu, yakatandaa, kila mche ukapata. Mdomo ukibanwa, maji yaleyale huruka kwa kasi, huchimba shimo pale yanapoangukia na kung'oa miche michanga, huku kona za mbali zikibaki kavu. Ukiongeza nguvu ya pampu, shimo ndilo litakalozidi, kona hazitalowa. Na anayetaka kuutanua mdomo huo huutanua kabla ya kupandikiza. Mpunga ukishafika magotini, jembe halina tena pa kupita.

Kondo linalopigwa na damu ya kasi namna hiyo, huku baadhi ya sehemu zake zikikosa oksijeni, hutoa protini zinazoingia kwenye damu ya mama na kuudhuru utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima. Presha, uvimbe na maumivu ya kichwa huja baadaye. Kazi ya kutanua mishipa, kwa upande wake, huwa imekwisha kwa sehemu kubwa kufikia wiki ya 20. Kidonge kilichosubiri kabatini mpaka presha ionekane kimewakuta mafundi wamekwisha kuondoka.

Aspirini inaingiaje hapo? Kisa chenyewe ni cha ajabu kidogo. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hutoa kemikali iitwayo thromboksani, ambayo hubana mishipa na kuzifanya chembe zishikamane. Kuta za mishipa nazo hutoa prostasaiklini, inayofanya kinyume chake. Pande zote mbili hutegemea kimeng'enya cha aina moja, yaani protini inayoziunda kemikali hizo, na aspirini hukishika na kukilemaza moja kwa moja, bila kukiachia. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa kemikali za jamii hii, na mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli. Sasa, seli ya ukuta wa mshipa ina kiini, kwa hiyo hutengeneza kimeng'enya kingine na kuendelea na kazi. Chembe sahani haina kiini. Ikishalemazwa, hubaki hivyo hadi mwisho wa maisha yake, siku 7 hadi 10. Ndiyo sababu dozi ndogo huinamisha mizani upande mmoja. Isitoshe, sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye mshipa unaotoka tumboni kwenda kwenye ini, kabla ini halijaivunjavunja dawa. Kidonge hiki hufanya kazi njiani. Na kinamezwa kila siku kwa sababu uboho wa mifupa nao hutoa chembe mpya kila siku.

Kama huko kunyamazisha chembe sahani ndiko hasa kunakolisaidia kondo, ushahidi ni mwembamba kuliko utamu wa maelezo. Wako watafiti wanaodhani aspirini hugusa seli za kondo zenyewe, na wako wanaodhani faida iko kwenye mishipa ya mama.

Matokeo kwa wagonjwa yako wazi zaidi, ingawa yalichelewa kuwa wazi. Utafiti mkubwa ulioitwa CLASP, uliochapishwa mwaka 1994 baada ya kufuatilia wanawake zaidi ya 9,000, uliwavunja moyo wengi: miligramu 60 hazikupunguza ugonjwa kwa kiasi cha kuaminika. Lakini baadhi ya wanawake hao walianzishiwa dawa mimba ikiwa imeshafika wiki za thelathini na kitu. Mwaka 2017 utafiti wa ASPRE uliwachagua wanawake 1,776 walioonekana kuwa hatarini, ukawapa nusu yao miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14. Waliopata priklampsia iliyolazimisha mtoto kuzaliwa kabla ya wiki ya 37 walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Ugonjwa unaokuja mimba ikiwa imekomaa haukupungua. Huenda aspirini haiufuti ugonjwa, inausogeza mbele tu, na baadhi ya akina mama wanajifungua kabla haujawafikia. Kwa mtoto, tofauti ya wiki ya 33 na ya 38 si ndogo.

Na wiki ya 16, inayotajwa sana kama mwisho wa kuanza? Mwaka 2017 jarida moja la uzazi lilichapisha, katika toleo lilelile, uchambuzi mmoja uliosema kuanza kabla ya wiki ya 16 ndiko kwenye faida kubwa, na mwingine uliosema tofauti haionekani. Shirika la Afya Duniani husema miligramu 75, ikiwezekana kabla ya wiki ya 20.

Magharibi mwa Kenya hatuko nje ya habari hii. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, uliwashirikisha karibu wanawake 12,000 wa mimba ya kwanza katika nchi sita, Kenya ikiwamo kupitia Chuo Kikuu cha Moi. Walioanza miligramu 81 kati ya wiki ya 6 na ya 13 walijifungua kabla ya wakati kwa asilimia 11.6, waliomeza vidonge visivyo na dawa 13.1. Hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya hatari yoyote. Dawa kwa kawaida huandikiwa aliyewahi kupata priklampsia, mwenye presha au kisukari tangu kabla ya mimba, mwenye ugonjwa wa figo au lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), na mwenye mapacha.

Kikwazo kikubwa ni kalenda. Wengi huanza kliniki mwezi wa tano au wa sita wa mimba, tumbo likishaonekana. Katika kaunti za ziwa, vidonge vya SP vya kukinga malaria huanza kutolewa wiki ya 13, kwa hiyo kliniki tayari ina sababu ya kumtaka mama mapema. Aspirini inaongeza sababu ya pili kwa ziara ileile.

Sasa yule mshauri wa kwanza. Aspirini ya dozi ya maumivu, hasa miezi ya mwisho, inaweza kuongeza uvujaji wa damu na kufunga mapema mshipa ambao mtoto anauhitaji akiwa tumboni. Hilo ndilo katazo alilolisikia, na ni la kweli. Dozi ndogo haijaonyesha kuufunga mshipa huo, ingawa huenda ikaongeza kidogo uvujaji wa damu wakati wa kujifungua; na mwenye vidonda vya tumbo, au mwenye pumu inayochochewa na aspirini, lazima amwambie daktari kwanza, na hakuna wa kujinunulia kemisti kwa kukisia. Siku ya kuacha nayo haifanani kila mahali: ASPRE ulikoma wiki ya 36, Uingereza mama huendelea hadi kujifungua. Akishaacha, ndani ya siku kumi hivi chembe sahani zote zilizonyamazishwa zitakuwa zimepisha mpya.