"Ndiyooo, mwalimu!": namna darasa linavyoweza kukudanganya

Nafundisha darasa la kwanza. Huu ni mwaka wa 14, wote huku Usukumani, na miaka kama sita ya mwanzo nilikuwa nadanganywa kila siku mchana kweupe na watoto wasiojua hata kufunga vifungo vya mashati yao. Hawakukusudia. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha namna ya kunidanganya.

Ilikuwa hivi. Nanyanyua picha: "Huyu ni ng'o...?" Darasa zima: "Mbeeee!" "Juu ya kichwa ana pe...?" "Mbeeee!" "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" "Kuna mwenye swali?" "Hapanaaa!" Aliyesoma shule ya msingi ya serikali anaujua wimbo huu. Mwalimu anatamka nusu ya neno, darasa linamalizia. Mtu akipita nje dirishani atasema humu watu wanasoma kwelikweli. Lakini siku moja tega sikio vizuri. Ile sauti ina mkia. Watoto kumi hivi wanajua jibu na wanalitoa kwa wakati, kundi kubwa linafuata nyuma yao kama mwangwi, na waliobaki wanafungua midomo tu ili wasionekane wamefunga. Kelele ikiwa kubwa, mkia husikii.

Aliyenifungua macho ni mdhibiti ubora wa shule. Alikuja bila taarifa, akakaa nyuma, akaniacha nimalize. Nikamwitia mtoto wangu wa kuringia, kijana mmoja aliyekuwa akisoma ukurasa mzima bila kukwama. Akasoma. Makofi. Yule mgeni akamwita karibu, akaziba picha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye neno la katikati ya mstari wa tatu. "Hapa, baba, panasemaje?" Mtoto akanyamaza. Kisha nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa amerudi mstari wa kwanza, anaunong'ona kimoyomoyo, neno baada ya neno, mpaka afike pale penye kidole. Alipofika akalitamka kwa sauti, na alikuwa sahihi. Mdhibiti akamshukuru, akaandika kitu kwenye daftari lake, hakuniambia neno. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Mtoto alikuwa ameumeza ukurasa wote kwa masikio. Macho yake hayajawahi kufanya kazi hata siku moja.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wa nje hutulaumu bila kupiga mahesabu. Kiwango kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja shule ya msingi. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamekuja kwa wingi, na ni jambo jema, ila kuta hazikusogea. Mwaka huu ninao 112. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Gawanya. Kila mtoto anapata sekunde 16, na hapo sijaitikia shikamoo, sijafuta ubao, na hakuna aliyeomba kwenda chooni. Kwa sekunde 16 mtoto anayeanza kusoma hajafika mwisho wa neno "kitabu". Kwa hiyo majibu ya pamoja si uvivu wa mwalimu. Ni njia pekee inayomfanya ajione amefundisha wote.

Mimi sijaziacha kabisa sauti za pamoja. Kwa kuzoeza ulimi zinafaa sana: ma me mi mo mu inafaa kuimbwa, ikiwezekana na kuchezwa. Nilichoacha ni kuzitumia kupima. Na nimeacha kuuliza "mmeelewa?" kwa sababu swali hilo lina jibu moja tu duniani.

Badala yake nina kopo la maziwa ya unga lenye visoda 112. Ndani ya kila kisoda nimeandika namba kwa maka peni, na ndiyo namba ya mtoto kwenye daftari la mahudhurio. (Visoda hivyohivyo ndivyo tunavyohesabia kwenye hisabati, kwa hiyo usinione mtu wa zana nyingi.) Nikiuliza swali, sitazami mikono. Mikono ni ya walewale wa mbele, wanaopiga vidole "mimi mwalimu, mimi, mimi!" mpaka wanakaribia kupanda mezani. Natikisa kopo, natoa kimoja, naita namba. Wiki ya kwanza ilikuwa msiba. Namba ilipoitwa mtoto alisimama akaficha uso kwa mkono, darasa likacheka. Ikabidi kuweka sheria mbili: hakuna kucheka, na kila namba inaondoka na ushindi. Kama neno limemshinda namwonyesha silabi moja ndani ya neno hilo, na kama silabi imemshinda, irabu. Mtoto anayeogopa fimbo hatakuambia kamwe kwamba hajui, na ukishindwa kujua asichojua huna unachomfundisha.

Njia ya pili ni vidole kifuani. Naandika ubaoni maneno matatu na kuyapa namba: 1 kuku, 2 kaka, 3 kiko. Nasema "kaka". Kila mtoto anaonyesha vidole akivibana kifuani ili jirani asichungulie. Kwa kutupa jicho mara moja naona nani kaonyesha viwili, nani kaonyesha vitatu, na nani anasubiri kuona vya mwenzake. Shingo zinazogeuka ndizo ninazoandika. Mwanzoni nilikuwa nasema "wekeni kidole kwenye neno kitabuni", lakini kitabu kimoja kinasomwa na watatu, kidole cha mmoja kinavuta viwili vingine.

Ya tatu ndiyo inayokula muda, na ndiyo ninayoiamini. Watoto kumi kila siku, mmoja mmoja, wakati wenzao wako nje chini ya mwembe wanaandika mchangani kwa kidole. Ndani ya siku 12 za shule wote 112 wamepita. Mchanga una faida moja ambayo daftari halina: mtoto akikosea anafuta kwa unyayo, kosa limekwenda na hakuna kalamu nyekundu. Huku kwangu kivulini nina kadi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni, kwa sababu manila ni ghali. Kadi nyingine zina maneno yasiyo na maana yoyote: mudo, lupe, kefi. Wazazi waliowahi kuziona walidhani mwalimu kachanganyikiwa. Lakini neno lisilo na maana halikaririki wala halina picha ya kulikisia. Anayelisoma, kasoma. Huwa wanacheka, "Mwalimu, lupe ni nini?" na mtoto anayeuliza swali hilo nimeshamaliza naye.

Hapo kwenye kadi ndipo nilipogundua kosa langu jingine, la majina ya herufi. Nilipokuwa mtoto tuliimba a, be, che, de. Nikaja nikaimbisha wangu vilevile. Ukimfundisha mtoto kwamba hii ni "be" na hii ni "a", akikutana na "ba" atasoma "bea", na kwa ulivyomfundisha yuko sahihi kuliko wewe. Kwenye imla ndiyo inachekesha zaidi. Niliwasomea neno "kete", mtoto mmoja akaandika "kt", akaweka kalamu chini, ametulia kabisa. Ke, te. Nini kimepungua? Nilimwekea mkasi, ile alama ya kosa, na leo naona aibu.

Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) ulipoingia 2015 tuliambiwa tuanze na sauti, si majina. Wengi tulinung'unika, ila walikuwa sahihi. Siku hizi baada ya irabu tano naanza na m, s, l, n, kwa sababu sauti hizo unaweza kuzivuta kama mpira: mmmm-a, ssss-i, mtoto akasikia namna viwili vinavyoungana. Jaribu kuvuta b au t. Huwezi, irabu inajipenyeza palepale na unarudi kwenye "be". Hizo zinasubiri. Na mb, nd, ng'w zinasubiri zaidi. Neno "ng'ombe" tunalolipenda sana kwenye picha ni moja ya maneno magumu kuandika darasa la kwanza, wengi hawajui kile kitone cha juu kikae wapi.

Kuna jambo ambalo si kosa la kusoma ila walimu wageni huku hulihesabu. Mtoto anaona "karanga", anasema "kalanga". Amesoma. Macho yameiona r, ila ulimi wa nyumbani ni wa Kisukuma. Ukimkatisha hapo na kumrudisha mara nne, utamfundisha kuogopa kusoma kwa sauti. Mimi namwacha amalize sentensi. R na l tunashughulika nazo siku ya imla.

Vikundi nimejaribu, navyo vina ujanja wake. Ukimpa anayejua kusoma awaongoze wenzake saba, yeye atasoma na wao watafuatisha, umetengeneza wimbo uleule kwa sauti ndogo. Kwangu kiongozi haruhusiwi kutamka neno. Kazi yake ni kunyooshea kidole tu na kusubiri. Kwa mtoto wa miaka saba anayejua jibu, kusubiri ni mateso, wengine wanaziba mdomo kwa mkono wa pili.

Halafu likaja suala la andalio la somo. Lina sehemu ya tathmini, na kwa miaka nilikuwa naijaza kabla sijaingia darasani: "Zaidi ya nusu ya wanafunzi wameelewa somo, waliobaki watasaidiwa." Sentensi hiyo niliikuta kwa waliotutangulia, na sijawahi kuona mwalimu aliyeulizwa nusu ipi. Sasa naandika namba. "7, 31, 58, 90: silabi za s bado." Mwalimu wa taaluma aliniuliza mara ya kwanza kama hizi ni kura. Ila wiki iliyofuata nazitafuta namba hizo kwenye kopo kwa makusudi, bila kutikisa.

Kuna sauti moja ya pamoja ambayo bado naiamini. Naita, "Namba 63!" Kimya kidogo, halafu darasa zima: "Hayupooo!" Hawajawahi kukosea. Mpunga ukianza kuiva, "hayupooo" zinaongezeka, kwa sababu watoto wako majarubani wanaamia ndege tangu alfajiri, na mzazi ukimfuata anakuuliza kwa upole, "Mwalimu, ndege wakimaliza mpunga, hilo daftari nitalinunua kwa nini?" Kisoda cha asiyekuwepo sikirudishi kwenye kopo. Nakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Leo vipo 17. Ijumaa baada ya vipindi nina miadi na mwenyekiti wa kitongoji, tuanze na zile nyumba tatu za kando ya mto ambako wametoka visoda tisa.